Kompyuta mbili, nyumba moja: kwa nini ya kwanza inakataliwa na ya pili

Nyumba yenye kompyuta mbili si ajabu tena katika kata kama Mahege, wilayani Kibiti. Moja huwa ya mezani, ya mtumba, imenunuliwa Kariakoo na kuwekwa sebuleni au kwenye chumba cha steshenari. Nyingine ni ya mpakato, ya mwalimu, ya karani wa chama cha ushirika cha korosho (AMCOS) au ya kijana aliyemaliza chuo. Zote zinategemea mtandao mmoja, aghalabu hotspoti ya simu au ruta ndogo ya laini. Mwenye nyumba anataka jambo linaloonekana dogo: akae barazani na ile ya mpakato, aifungue ya mezani kwa mbali, achukue faili au atume kazi kwenye printa. Anajaribu, inakataa. Akiuliza anapata majibu matano kwa watu watano: zima faiwoli, weka AnyDesk, nunua Windows ya Pro, ruta yako mbovu, achana na hayo kabisa kwa sababu serikali imekataza VPN.

Kila jibu hapo lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanachanganya. Faiwoli kweli huzuia. Windows ya Home kweli haipokei mgeni kwa njia ya Microsoft. AnyDesk kweli hufanya kazi palipokuwa pameshindikana, na tangazo kuhusu VPN kweli lilitolewa. Kinachokosekana ni mpangilio: lipi linahusu kasoro ipi. Watu wanatibu kabla ya kusoma meseji ya kukataliwa, na matokeo yake kazi ya chumba kimoja inasafirishwa mpaka kwenye seva za ng'ambo, kwa bando la mwenye nyumba.

Kazi ya zamani kuliko intaneti yenyewe

Kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbele ya kompyuta nyingine ndiyo kazi ya kwanza mtandao kupewa. Tarehe 29 Oktoba 1969, mtandao wa ARPANET ulipojaribiwa kati ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na taasisi ya utafiti ya Stanford, mwanafunzi aliyekuwa kwenye kibodi alikuwa akiandika amri ya kuingia. Herufi mbili zilipita, mfumo wa upande wa pili ukaanguka. Kwa hiyo aliyekwama Mahege leo amekwama pale pale ambapo historia nzima ilianzia.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa Telnet, ambayo ilipeleka nywila waziwazi, yeyote aliyesikiliza kwenye waya aisome. Mwaka 1995, baada ya nywila kudukuliwa kwa namna hiyo katika chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki, Tatu Ylönen aliandika SSH, ambayo hufunga mazungumzo yote kwa siri na kusikiliza kwenye poti, yaani mlango wenye namba, ya 22. SSH ni ya amri za maandishi. Anayetaka kuona skrini nzima ana RDP ya Microsoft, inayosikiliza kwenye poti ya 3389, au VNC iliyozaliwa kwenye maabara ya Cambridge, Uingereza, ambayo kwa kawaida hutumia 5900. Kisha kuna kundi la TeamViewer na AnyDesk, zote za Ujerumani, ambazo hazingoji mgeni kwenye poti ya ndani tu: kompyuta zote mbili hupiga simu nje kwenye seva ya kampuni, na seva ndiyo inayozikutanisha.

Tofauti hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyosemwa. SSH, RDP na VNC zinadai kompyuta ya kwanza iijue ya pili na ifike kwake. AnyDesk na wenzake wanadai tu kila kompyuta ifike intaneti. Hapo ndipo mgogoro wote wa njia ipi ni bora unapoanzia.

Mlango una majibu matatu

Ukipiga hodi kwenye nyumba ya mtu, moja kati ya mambo matatu hutokea. Hakuna anayeitika. Au mtu anaitika mara moja, lakini anasema unayemtafuta hayupo hapa. Au unafunguliwa, unaulizwa wewe nani, na jibu lako halikubaliki. Kompyuta nayo hujibu hivyo hivyo, na meseji yake, hata ikiwa kwa Kiingereza kikavu, huwa inasema ni lipi kati ya hayo matatu.

Meseji ikichelewa sekunde kumi, ishirini au zaidi na kusema muda umekwisha, umekutana na kimya: hodi yako haikufika, au imefika na ikapuuzwa. Meseji ikija papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, usiguse ruta wala kebo. Njia ni nzima. Programu ya kupokea ndiyo haipo au haijawashwa. Na ukiulizwa nywila kisha ikakataliwa, basi mtandao hauna kosa lolote na shida iko kwenye akaunti. Windows kwenye RDP ina tabia ya kuchanganya kimya na kukataliwa ndani ya sentensi moja ndefu yenye sababu tatu, kwa hiyo hapo muda wa kusubiri ndio unaotofautisha. SSH husema wazi zaidi, na hiyo peke yake ni sababu ya kuijaribu kwanza unapotafuta kasoro, hata kama lengo lako ni kuona skrini.

Kimya na vyanzo vyake

Hapa ndipo penye sababu nyingi, na kwa mazingira ya Kibiti ndipo penye uwezekano mkubwa wa kasoro.

Sababu ya kwanza ni usingizi. Windows huilaza kompyuta baada ya muda bila kuguswa, na ya mpakato hulala pindi kifuniko kinaposhushwa. Kompyuta iliyolala haiitiki. Umeme nao unakatika, unarudi, na kompyuta ya mezani inabaki imezima kwa sababu hakuna aliyebonyeza kitufe. Kwenye mipangilio ya BIOS ya mashine nyingi za ofisini, hasa zile za mtumba, kuna sehemu ya kuiambia iwake yenyewe umeme unaporudi. Ni dakika mbili za kazi, na inaondoa usumbufu ambao wengi huurushia mtandao.

Sababu ya pili ni anwani. Anwani ya IP ya ndani haiwi mali ya kompyuta. Inakodishwa na ruta au simu, na inaweza kubadilika. Aliyeandika kwenye karatasi kwamba ya mezani ni 192.168.1.5 anaweza kukuta wiki ijayo tano hiyo ni ya simu ya mtoto. Hotspoti inazidisha tatizo. Simu za Android za zamani ziligawa anwani zinazoanza na 192.168.43 siku zote, lakini nyingi za miaka ya karibuni hubadilisha safu nzima kila hotspoti inapowashwa upya. Anayesisitiza kufunga namba ya kudumu kwenye kompyuta inayotumia hotspoti ya namna hiyo anajifungia nje mwenyewe. Dawa ni kuita kompyuta kwa jina lake badala ya namba. Na jina hilo liwe la peke yake, maana fundi anayenakili diski moja kwenye kompyuta mbili huziacha zote na jina moja.

Amri ya ipconfig ikitoa anwani inayoanza na 169.254, maana yake ni moja: kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyeigawia, ikajitungia. Kwenye waifai hiyo ni dalili ya ruta iliyokwama. Lakini kwenye kebo iliyounganishwa moja kwa moja kati ya kompyuta mbili, bila ruta katikati, hiyo ni hali ya kawaida na zinaweza kuzungumza hivyo hivyo.

Sababu ya tatu haionekani kwa macho: kompyuta mbili ziko kwenye mtandao mmoja kwa jina, ila zimetenganishwa. Ruta nyingi zina waifai ya wageni ambayo huruhusu kila kifaa kufika intaneti na kukizuia kisione kifaa jirani, na baadhi ya hotspoti za simu zina tabia hiyo hiyo. Mtu anafungua YouTube kwenye mashine zote mbili, anahitimisha mtandao mzima, kisha anapoteza jioni nzima kwenye mipangilio ya Windows isiyo na kosa. Njia fupi ya kujua ni kubadili simu inayotoa hotspoti, au kuunganisha kwa kebo, na kujaribu tena kabla ya kugusa kitu kingine.

Faiwoli inakuja hapa, ya nne, wala si ya kwanza kama inavyosemwa. Windows huuhesabu mtandao mpya kuwa wa hadharani usipoutaja kuwa wa faragha. Kwenye mtandao wa hadharani inajificha: haionekani kwa jirani na huduma nyingi za kupokea hubaki zimefungwa. Tabia hiyo ni sahihi kabisa kwa mtu aliye stendi ya Mbagala Rangi Tatu akitumia waifai asiyoijua. Nyumbani inageuka kikwazo, na dawa yake ni kuutaja mtandao wa nyumbani kuwa wa faragha. Kuizima faiwoli yote kunatatua kasoro ile ile kwa kuondoa ulinzi kila mahali, pamoja na huko stendi.

Kipimo cha ping nacho kinapotosha wengi. Kwa kawaida Windows haiijibu ping ya kompyuta nyingine mpaka sheria inayohusika ifunguliwe, kwa hiyo ping inaweza kufa wakati poti ya 3389 iko wazi. Kipimo cha haki ni kuiuliza poti yenyewe: amri ya Test-NetConnection kwenye PowerShell, ukiitajia jina la kompyuta na namba ya poti, hujibu kweli au si kweli. Ikijibu kweli, mjadala wa ruta, kebo na faiwoli umekwisha.

Kukataliwa papo hapo

Sehemu hii ni fupi kwa sababu chanzo karibu kila mara ni kimoja: hakuna huduma inayosikiliza. Ubuntu ya mezani haiji na seva ya SSH, lazima uiweke. Windows 10 na 11 zina OpenSSH, lakini upande wa seva ni nyongeza unayoiomba mwenyewe kisha unaiwasha. RDP imezimwa mpaka uiwashe, na kwenye toleo la Home upande wa kupokea umefungwa kabisa.

Hilo la Home linastahili kutulia nalo. Kompyuta za mpakato zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani huja na Home. Za mezani zilizotoka maofisini huko Ulaya au Dubai mara nyingi huja na Pro, na Home inaruhusiwa kuingia kwenye Pro bila shida. Kwa hiyo mwelekeo ndio unaoamua: ukikaa na ya mpakato kuifungua ya mezani, unaweza kufanikiwa bila kununua chochote, ukijaribu kinyume chake, utakwama. Kabla ya kusikiliza ushauri wa kununua leseni, soma toleo kwenye sehemu ya maelezo ya mfumo, kwenye kompyuta zote mbili.

Wapo mafundi wanaobandika programu ya kuilazimisha Home ipokee RDP. Inafanya kazi mpaka Windows ijisasishe, kisha inavunjika. Mwenye kompyuta akichoka anazima masasisho, na hapo amelipa kwa usalama wa mashine nzima. Kwa Home, VNC au SSH ni suluhisho safi zaidi na halina gharama.

Umefika, hujatambuliwa

Aliyefika hatua hii ameshinda nusu ya safari, ingawa wengi hawajui na wanarudi kufungua ruta.

Kasoro inayoongoza ni akaunti isiyo na nywila. Nyumbani watu hawapendi nywila. Mtoto anawasha, anaingia. Windows inaikubali akaunti hiyo kwa aliyekaa mbele ya kibodi tu, ikikataa anayekuja kwa mbali. Ya pili ni pini. Aliyesajili kompyuta kwa akaunti ya Microsoft huzoea tarakimu nne na kusahau kwamba nyuma yake kuna nywila. RDP inataka nywila, si pini, na mara nyingine haiikubali mpaka uingie nayo mara moja ukiwa mbele ya mashine yenyewe. Ya tatu ni jina. Anayesajili kwa barua pepe hupewa na Windows jina fupi la ndani ambalo mwenyewe hakulichagua, na SSH hulitaka hilo hilo. Amri ya whoami, ikiandikwa kwenye kompyuta unayotaka kuifungua, inalitaja.

Kisha kuna saa. Kompyuta ya mezani ya miaka kumi ina kibetri cha duara cha CR2032 kilichokwisha nguvu. Umeme unapokatika, saa inarudi nyuma miaka mingi. Baada ya hapo Windows inaweza kugoma ikidai tarehe za mashine mbili zinatofautiana, na programu yoyote inayohakiki vyeti vya usalama, AnyDesk ikiwemo, inaweza kukataa kuunganisha kwa sababu cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. SSH ya nywila haijali saa. Aliyebadilisha programu tatu bila mafanikio atazame kona ya kulia chini ya skrini kabla ya kujaribu ya nne.

Kuanzia mwaka 2025 limeongezeka jingine, na linagusa moja kwa moja desturi ya mafundi wetu ya kuweka Windows mara moja na kuinakili kwenye mashine nyingi. Kila Windows ina kitambulisho cha ndani kinachopaswa kuwa cha peke yake. Mwezi Oktoba 2025 Microsoft ilieleza kwamba masasisho ya Windows 11 yaliyotoka tangu 29 Agosti mwaka huo yanakagua vitambulisho hivyo, na kompyuta mbili zenye kitambulisho kimoja zitakataliana hata nywila ikiwa sahihi. Kompyuta zilizozungumza vizuri miaka miwili zinaweza kuamka siku moja zimenuniana, bila mwenye nyumba kugusa kitu. Fundi anayenakili diski lazima atumie Sysprep, zana ya Microsoft inayoondoa kitambulisho hicho, kabla ya kunakili. Kwa zilizokwisha nakiliwa, njia ya uhakika ni kuiweka Windows upya kwenye moja.

SSH inalo onyo lake kali, linalosema utambulisho wa mashine umebadilika na huenda kuna mtu katikati. Nyumbani sababu huwa ya kawaida: Windows imewekwa upya, au ile anwani imehamia kwenye kompyuta nyingine. Hata hivyo onyo lisifutwe kabla hujajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kambi zinazoshindana

Kambi ya kwanza inasema zima ulinzi, mambo yataenda. Nguvu yake ni kwamba mara nyingi yanaenda kweli, na fundi analipwa haraka. Udhaifu wake ulionekana Mei 2019, Microsoft ilipotangaza kasoro ya BlueKeep kwenye RDP, kubwa kiasi cha kuilazimisha itoe kiraka hata kwa Windows XP iliyokwisha kuachwa. Mashine yenye Windows ya zamani na RDP iliyo wazi ilikuwa inaweza kutekwa bila nywila. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kupanda kwenda 11. Mashine isiyopata viraka, imezimwa faiwoli, kwenye hotspoti inayotumiwa na kila mgeni wa steshenari: hiyo ni hatari ambayo mwenye nyumba haambiwi wakati wa kulipa fundi.

Kambi ya pili ni ya AnyDesk na TeamViewer. Sifa yao ni ya haki. Hazijali anwani, hazijali toleo la Windows, hazijali ruta. Mtu asiyejua lolote anasoma namba kwenye simu na mwenzake anaingia. Lakini zikitumika kati ya kompyuta mbili za nyumba moja, bei yake inafichika. Kwanza, utambulisho lazima upite kwenye seva ya mbali, hata kama baadaye data inapata njia ya moja kwa moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ilidorora kwa siku kadhaa. Aliyezoea kufungua kompyuta ya chumba cha pili kupitia Ulaya alikwama pamoja na wote, huku mashine zake ziko hatua chache tu baina yao. TeamViewer ina mpangilio wa kupokea miito ya mtandao wa ndani, ila umezimwa mpaka mwenyewe auwashe, na wachache wanajua upo.

Pili, unamwamini wa tatu. Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake ilivamiwa, ikafuta vyeti vyake na kuwashauri watumiaji kubadili nywila. Juni mwaka huo TeamViewer nayo ilikiri mtandao wake wa kiofisi umeingiliwa. Hakuna aliye salama milele, lakini mtandao wa ndani ya nyumba haukuwa na sababu ya kuingizwa kwenye hatari hiyo. Tatu, na kwa vijijini hili ndilo zito zaidi, watu wanazoea kumsomea mtu asiyeonekana namba ya kufungulia kompyuta. Benki Kuu ya India ilitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu matapeli wanaotumia AnyDesk kufika kwenye fedha za watu. Kwetu, ambako meseji za kitapeli za “tuma kwenye namba hii” zimewaliza wengi, mazoea hayo hayahitaji kuongezewa mlango.

Kambi ya tatu inasisitiza RDP au SSH ya ndani. Inahitaji kujifunza, na huo ndio udhaifu wake wote. Inapokaa sawa haigusi bando hata kidogo: kwenye simu nyingi za Android unaweza kuwasha hotspoti na kuzima data, kompyuta zikaendelea kuonana. Kebo ya mtandao ya Cat5e kati ya mashine mbili hufika mita 100 na haihitaji simu wala ruta.

Ipo pia kambi isiyosemwa, ya wanaodhani wanataka kuingia kwa mbali kumbe wanataka faili tu. Kwao folda ya pamoja au printa ya pamoja inatosha, na kasoro zake za kimya na akaunti ni zile zile zilizoelezwa juu. Flashi ni rahisi zaidi, lakini kwenye steshenari ndiyo inayobeba virusi kutoka kompyuta ya mteja kwenda ya duka, na kutoka duka kwenda kwa mteja anayefuata.

Aliyeko Dar es Salaam anapotaka kuifungua ya Mahege

Kanuni za nyumba moja hazivuki lango. Ushauri wa zamani ulikuwa kufungua poti kwenye ruta ili anayetoka nje apitishwe. Kwenye laini za simu ushauri huo hauna pa kushika. Anwani za IPv4 ni takribani bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu ilikwisha Februari 2011. Mitandao ya simu kwa kawaida hukusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Fungua ukurasa wa ruta yako, tazama anwani iliyopewa upande wa laini: ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi hodi ya kutoka nje inaishia kwenye mitambo ya kampuni, haikufikii, hata ukifungua poti zote. Wengi wamebadilisha ruta kwa kosa ambalo si la ruta.

Hapa AnyDesk na wenzake wanarudi na hoja yenye nguvu, maana kompyuta zote mbili zikipiga simu kutoka ndani, kizuizi hicho hakizigusi. Mshindani wao ni handaki la faragha (VPN) kama WireGuard au Tailscale, linaloziweka kompyuta mbili kwenye mtandao mmoja wa siri popote zilipo, kisha RDP au SSH inafanya kazi kama ziko chumba kimoja. Tailscale nayo hutegemea seva ya kampuni kwa utambulisho, lakini funguo za data hubaki kwenye mashine zako. WireGuard tupu haimtegemei mtu, ila lazima upande mmoja uwe na anwani ya nje inayofikika, na hapo ndipo wa laini za simu wanapokwama.

Na hapo ndipo lile jibu la tano, la serikali, linapohusika. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo kwa watu na kampuni zinazotumia VPN katika shughuli zao wajisajili na kutoa taarifa, anwani ya IP ikiwemo, kabla ya 30 Oktoba. Msingi wake ulikuwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zinazokataza teknolojia ya kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyopigwa marufuku. Shabaha inayosomeka hapo ni maudhui. Handaki kati ya kompyuta ya baba na ya mwanawe halimfikishi mtu kwenye maudhui yaliyopigwa marufuku, lakini kwa jina ni VPN, na tangazo halikuchora mstari kati ya aina hizo mbili. Aliye mwangalifu, hasa mwenye biashara, ajisajili. Ila ni makosa kulipanua tangazo hilo lifunike SSH au RDP ya ndani ya nyumba, ambazo si VPN na hazitoki hata nje ya ukuta. Mamlaka ingesaidia sana kwa kulisema hili kwa lugha ya mwananchi, pamoja na kueleza mteja wa laini ya simu, asiye na anwani ya nje ya peke yake, aandike nini kwenye fomu.

Uzito wa kila njia

Kwa kompyuta mbili za nyumba moja Mahege, mizani inaegemea mtandao wa ndani kwa kiasi kikubwa. Faida za AnyDesk hapo ni kumwepusha mtu na jioni moja ya kujifunza. Gharama zake ni bando la kila siku, kumtegemea wa tatu, na kukwama siku intaneti inapokufa. Jioni hiyo moja inalipa. Mpangilio wa kuipita ni ule wa majibu matatu: kimya kwanza, kwa maana ya usingizi, anwani, utengano na faiwoli, kwa mfuatano huo, kisha huduma na toleo la Windows, kisha akaunti na saa.

Kwa msaada wa kutoka mbali, mizani inageuka. Mtoto aliye Dar anayemsaidia mzazi mara moja kwa mwezi hana sababu ya kujenga handaki. AnyDesk inamtosha kwa sharti kwamba isiwekewe nywila ya kuingia bila mtu, na mzazi awe ameketi, anatazama kinachofanyika, na ndiye aliyepiga simu kwanza. Steshenari yenye fundi wa kudumu Mbagala au Mkuranga iko upande wa pili wa mstari: matumizi ni ya kila siku, kwa hiyo handaki lililosajiliwa lina maana kuliko namba zinazosomwa kwenye simu.

Kompyuta zenye taarifa za watu wengine ziko kwenye daraja lao. Orodha ya wakulima na malipo yao ya korosho, matokeo ya wanafunzi, picha za vitambulisho zilizoskaniwa dukani: hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye kompyuta bila idhini kuwa jinai hata kama nywila uliijua. Mwenye mashine ya namna hiyo aandike ni nani anaruhusiwa kuingia kwa mbali, kila mmoja awe na akaunti yake, na fundi anapomaliza kazi akaunti aliyopewa ifungwe siku hiyo hiyo.